Kiki Isiyolia Kama Debe

Swali hili nimeulizwa na mwalimu wa kwaya wa Mwatate, na vijana wa bendi wa Taveta, na fundi wa mitambo wa kanisa moja la Wundanyi. Hapa Voi nimesimamishwa nalo hata sokoni, mkononi nina fungu la mchicha. Maneno hutofautiana lakini shida ni moja: "Tumenunua maiki, tukaiweka mbele ya kiki, tukarekodi. Tukisikiliza, tunasikia debe. Tumekosea wapi?"

Kiki ni ile ngoma kubwa ya dramu inayolazwa ubavu na kupigwa kwa mguu. Kwa aliyekulia kwenye ngoma za Pwani, hiyo ndiyo vumi la dramu: inabeba uzito wa wimbo, na vingine vyote vinachezea juu yake. Ikikosa uzito, kwaya ya watu 40 inasikika kama imesimama hewani.

Naandika kwa sababu naumia nikiona kwaya zikichanga pesa za kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, kurekodi nyimbo ambazo zingerekodiwa vizuri papa hapa. Nadharia nitaiacha. Nitakueleza nifanyavyo, kwa mpangilio nifanyavyo, na mpangilio wenyewe una maana: ngoma, mguu, chumba, maiki, mahali pa maiki, na vifungo mwisho kabisa. Wengi huanzia kwenye vifungo, na hapo ndipo siku nzima inapopotea.

## Anza na ngoma

Kabla hujafungua mkoba wa maiki, keti mbele ya kiki umwambie mpiga ngoma apige mara moja, asubiri, apige tena. Unasikia nini? Kama kwa masikio yako matupu inalia debe, maiki itarekodi debe. Hakuna maiki ya bei yoyote inayoongeza sauti ambayo ngoma haikuitoa.

Dramu nyingi za makanisa yetu zina ngozi zile zile zilizokuja nazo dukani. (Ni za plastiki, lakini sote tunaziita ngozi.) Zimepigwa miaka, zimelegea upande mmoja, na chini ya ukingo wake kumejaa vumbi letu jekundu. Fanya hivi:

1. Legeza skrubu zote za ngozi inayopigwa, iondoe, na ufute ukingo wa mbao kwa kitambaa kikavu. Pitisha kidole kuzunguka. Ukikuta palipochubuka au chembe ya mchanga, hapo ndipo ngozi ilipokuwa inatetemeka vibaya.
2. Rudisha ngozi na ukaze skrubu zote kwa vidole tu mpaka zigome.
3. Chukua ufunguo. Kaza nusu mzunguko skrubu moja, kisha ile inayoikabili upande wa pili, kisha iliyo kando, na ya upande wake wa pili. Usizunguke kwa kufuatana kama saa. Ngozi itavutwa upande.
4. Endelea hivyo mpaka mikunjo yote ya ngozi iishe. Ongeza robo mzunguko kwa kila skrubu, usimame hapo.
5. Gonga kwa kidole karibu na kila skrubu, kama sentimita 5 kutoka ukingoni. Panapotoa sauti ya chini kuliko pengine, ongeza kidogo. Palipo juu, punguza.
6. Ngozi ya mbele ifanyie vivyo hivyo, ila iwe imekaza zaidi kidogo kuliko ya kupigwa.

Kosa kubwa hapa ni kukaza sana. Mtu hukaza kiki kama anafunga tairi la lori, akidhani ngoma iliyokaza ndiyo yenye nguvu. Kiki iliyokazwa mno hupanda, ikalia kama tomu. Tunataka ngozi iliyo karibu na mwisho wa ulegevu wake.

Tena, angalia joto. Wazee wetu waliianika ngoma ya ngozi karibu na moto ili ikaze. Plastiki hufanya kinyume: ikipata joto hutanuka na kulegea. Dramu uliyoiweka sawa asubuhi ya ukungu Wundanyi, ukiishusha Voi saa nane mchana na kuipanga chini ya mabati, si ile tena. Iache itulie chumbani kama saa moja, kisha uikaze upya. Usirekodi wimbo wa kwanza asubuhi na wa pili mchana bila kuigusa ngoma katikati, ukashangaa mbona kiki mbili hazifanani.

### Blanketi, lakini kidogo

Kiki isiyozuiwa hulia muda mrefu, na kwenye wimbo wa kasi mapigo huingiliana. Dawa ni kitu laini ndani yake. Mwaka 1966 kwenye studio za Abbey Road, London, fundi kijana Geoff Emerick alitia sweta ya sufu ndani ya kiki ya Ringo Starr wa Beatles na kuisogeza maiki karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu. Sauti aliyoipata mafundi wanaifuata mpaka leo, na alitumia sweta tu. Hapa Voi sweta ya mtumba utaipata kwa bei ya soda.

Kunja taulo moja, sweta, au blanketi la mtoto. Liweke chini ndani ya kiki, liguse ngozi inayopigwa kwa upana wa kiganja. Sikiliza. Likizuia sana, lirudishe nyuma mpaka liguse kidogo tu.

Usijaze mito. Nimefungua kiki nikakuta mito miwili, jaketi na leso tatu, na mwenyewe analalamika kwamba kiki haina uzito. Uzito ule hutengenezwa na hewa iliyo ndani. Ukiijaza nguo, hewa itatoka wapi?

## Mguu na nyundo

Mwombe mpiga ngoma apige mapigo 16 ya polepole, sawasawa. Kama la tatu lina nguvu na la nne limedhoofika, mrekodi hatakusaidia. Hili huwauma vijana nikilisema, lakini nalisema kwa upendo: mazoezi ya wiki mbili na metronomu kwenye simu, isiyolipiwa hata shilingi, yatabadilisha kiki yako kuliko maiki mpya.

Angalia pia nyundo, kile kichwa cha pedali kinachoigonga ngozi, inafanya nini baada ya kupiga. Wengine huiacha ikiwa imegandamiza ngozi. Pigo linakuwa fupi na kavu. Wengine huiacha irudi; vumi, yaani ile sauti nzito, linapata nafasi ya kutoka. Zote mbili ni sahihi, mradi aamue moja kwa wimbo mzima.

Nyundo ya sufu iliyoshindiliwa hutoa sauti ya mviringo, nzuri kwa nyimbo za kuabudu na rumba. Ya mbao au plastiki ngumu hutoa mlio wa kugonga, unaohitajika pale kiki inaposhindana na magita ya benga. Huna nyundo ngumu? Bandika kwa tepu kadi ya zamani ya plastiki pale nyundo inapogonga. Mlio utaongezeka papo hapo.

Mwisho, pedali. Ikilia kwi-kwi, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo lake. Sauti hiyo usipoisikia leo utaisikia siku ya kuchanganya nyimbo, na hutaweza kuitoa.

## Chumba: mabati, saruji na lori

Sauti nzito ya kiki, ile ya mitetemo 60 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 6. Vyumba vingi tunavyorekodia ni vifupi kuliko hapo. Maana yake kwa mikono yako ni hii: ukihamisha kiki mita moja tu, uzito unaweza kuongezeka au kupotea kabisa.

Kwa hiyo usiirekodi pale ilipozoea kukaa kila Jumapili kwa sababu tu ndipo ilipo. Mtu mmoja apige, wewe tembea. Ukifika mahali ambapo kishindo kinakuingia kifuani bila kuvuma, hapo pana kitu. Ihamishie kiki karibu na hapo, usikilize tena. Kwa uzoefu wangu:

- Pembeni kabisa mwa chumba uzito huwa mwingi lakini hugeuka ungurumo usio na umbo.
- Katikati kamili ya chumba cha mraba mara nyingi ndipo uzito hupotea.
- Theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tandika zulia chini ya dramu. Kwenye sakafu ya saruji kiki huteleza, na maiki inabaki nyuma. Pembe za chumba ziwekee magunia yaliyojazwa nguo kuukuu. Sisi wa karibu na mashamba ya mkonge magunia hatuna haja ya kuyaagiza mbali. Yatakata ule mwangwi wa katikati unaoipa kiki sauti ya boksi. Ungurumo mzito hayatauzuia sana, wala magodoro hayatauzuia, kwa hiyo usitumie pesa zako zote huko.

Halafu chagua saa. Malori ya barabara ya Mombasa hayalali, na tangu mwaka 2017 treni za SGR nazo hupita Voi. Mtetemo wa lori hupanda kupitia sakafuni, ukaingia kwenye stendi, ukakaa sawasawa na sauti ya kiki yenyewe. Weka stendi juu ya godoro dogo au sponji iliyokunjwa. Mabati nayo hulia yakipata jua na yakipoa, na mvua za vuli zikianza ndio basi. Mimi hurekodi dramu kuanzia saa tatu usiku, au alfajiri kabla jua halijapanda.

## "Sina pesa ya maiki ya kiki"

Najua. Basi tuangalie ulichonacho.

Maiki zilizotengenezwa kwa ajili ya kiki, kama AKG D112, Shure Beta 52A au Audix D6, zinasikia chini zaidi na hazishtuki na kishindo. Zimepinda makusudi: zinakuza uzito na mlio wa kugonga, na kupunguza katikati. Ukiweza kuazima moja kwa siku mbili, azima. Kukodi ni bora kuliko kununua kwa mkopo.

Kama unayo maiki ya kuimbia ya dainamiki, mfano SM58, inatosha kuanzia. Kiwandani imeandikiwa kusikia kuanzia mitetemo 50, na kiki nyingi zina uzito wake kati ya 50 na 80. Zaidi ya hayo, maiki ya aina hii huongeza uzito kila inaposogezwa karibu na chanzo cha sauti. Hilo litakusaidia sana hapa. Hakikisha tu ni ya kweli. Za bandia zimejaa, na nyingi hazina kitu chini.

Tahadhari mbili:

- Maiki ya kondensa ya kuimbia usiiingize ndani ya kiki. Kishindo na upepo vitaipasua sauti yake, na huenda vikaiharibu.
- Maiki ya utepe iache kabisa nyumbani. Pumzi moja ya kiki yatosha kuukata utepe wake.

"Na simu?" Simu ni nzuri kwa mazoezi. Kwa kazi ya kutoa, simu nyingi hupunguza sauti zenyewe kila kiki inapopiga, na maikrofoni yake haikuundwa kwa uzito huo. Itumie kuweka kumbukumbu, si kurekodi albamu.

## Mahali pa maiki

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Sentimita 3 hubadilisha zaidi kuliko kifungo chochote.

Ndani, karibu na nyundo. Sentimita 5 hadi 10 kutoka ngozi inayopigwa, maiki ikiielekea nyundo. Mlio wa kugonga ni mwingi, vumi ni dogo. Inafaa benga na nyimbo za kasi.

Ndani, katikati. Nusu ya kina cha kiki, maiki ikielekea kati ya nyundo na ubavu wa ngoma. Ukiniamsha usiku wa manane uniambie "weka tu maiki tuanze", nitaiweka hapa. Mlio na vumi viko karibu sawa.

Mdomoni mwa tundu. Maiki inaingia nusu tu kwenye tundu la ngozi ya mbele. Vumi ni kubwa. Lakini weka kiganja hapo wakati mtu anapiga: utahisi upepo. Upepo huo ukiipiga maiki usoni utasikia *bufu* kama mtu anayepuliza. Isogeze pembeni mwa tundu au uigeuze kidogo.

Nje, sentimita 20 hadi 40 mbele. Kwa kiki iliyofungwa, isiyo na tundu. Sauti ni pana na ya asili, lakini chumba kizima kinaingia nacho, na matoazi, na sneya.

Nyuma, upande wa mguu. Ukishindwa kote. Utapata nyundo vizuri, na utapata pia pedali, kiatu na sneya.

Namna ya kuchagua ni hii, na naomba uifuate hata kama inaonekana ya kitoto. Rekodi sekunde 30 kila mahali, mtindo ule ule, nguvu ile ile. Kabla ya kila kipande, tamka kwa sauti: "Katikati, sentimita 20." Halafu mpiga ngoma apumzike, nyote mkae mbele ya spika, msikilize vipande vyote mkiwa mmetulia. Chagueni. Kisha rudi, usogeze maiki sentimita 3 mbele na 3 nyuma ya mlipopachagua, mrekodi tena.

Usiamue ukiwa umesimama kando ya dramu na hedifoni masikioni. Kiki inakuingia kupitia miguu na kifua. Utadhani maiki ndiyo inayokupa uzito ule. Nimewaona mafundi wazuri wakidanganyika hivyo.

### Kiki isiyo na tundu

Unaweza kuiondoa ngozi ya mbele kabisa. Sauti itakuwa kavu na fupi, na skrubu zilizobaki zitacheza, basi zitoe zote. Mimi napendelea tundu: kipenyo cha sentimita 10 hadi 13, pembeni, sentimita 5 kutoka ukingoni, wala si katikati.

Wengi hukata kwa kisu, na baada ya wiki mbili ngozi imepasuka mpaka chini. Njia salama zaidi: tafuta kopo la bati la ukubwa huo, litie moto ukingo wake kwenye jiko, lishike kwa koleo na uligandamize taratibu juu ya ngozi. Plastiki itayeyuka na ukingo wa tundu utakuwa mnene, usiochanika. Fanyia nje, mahali penye upepo, kwani moshi wake si wa kuvuta.

Na kabla ya yote hayo, omba ruhusa. Dramu ya kanisa ni ya kanisa. Mwendee mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kwaya, mweleze, umwonyeshe picha ya kiki yenye tundu. Akikataa, ngozi ya pili ya mbele si ghali; kata hiyo, na yao uirudishe Jumamosi jioni ikiwa nzima.

## Kiwango cha kurekodi

Mwambie mpiga ngoma apige kama atakavyopiga kwaya ikifika kileleni. Weka geini mpaka mapigo makubwa kabisa yafike kati ya −12 na −8 desibeli. Kisha punguza kidogo tena, kwa kuwa kwaya ikianza kuimba kweli, mguu wake utasahau mlichokubaliana.

- Rekodi kwa biti 24. Hapo huna sababu ya kukimbilia taa nyekundu.
- Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishonwi. Pigo moja lililopasuka, rudieni.
- Kompresa iache mpaka baadaye.
- Ukisikia *mmmm* ya umeme, chomoa chaja na utumie betri ya kompyuta. Jenereta iwe mbali, upande wa pili wa jengo.

## Maiki mbili zinazofutana

Ukiongeza maiki ya pili, hasa ile ya juu ya dramu, kuna mtego. Sauti husafiri karibu sentimita 35 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maiki iliyo mita 1.4 juu husikia kiki ikiwa imechelewa sehemu nne za elfu za sekunde nyuma ya ile iliyo ndani. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, uzito wao unafutana.

Niliwahi kurekodi kwaya siku mbili mfululizo, kila maiki ikisikika vizuri ikiwa peke yake. Wiki iliyofuata niliziunganisha na kiki ikawa kopo. Nilihangaika na vifungo usiku mzima. Kumbe waya mmoja ulikuwa umeunganishwa kinyume ndani, na sikuwa nimejaribu kuzisikiliza pamoja hata mara moja kabla watu hawajaenda nyumbani. Tulipata bahati: kifungo kimoja kwenye programu kilirekebisha. Angekuwapo mwimbaji anayesubiri nakala kesho yake, ingekuwa aibu.

Fanya jaribio hili kabla ya wimbo wa kwanza, dakika mbili tu:

1. Fungua maiki ya kiki peke yake, usikilize.
2. Ongeza ya juu polepole.
3. Uzito umeongezeka? Vizuri. Umepungua? Bonyeza kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari (ø) kwenye chaneli ya kiki.
4. Sikiliza hali zote mbili kwa spika moja, si mbili. Baki na ile yenye vumi.
5. Kama hakuna iliyo nzuri, sogeza maiki ya juu sentimita 10, uanze tena.

## Vifungo, sasa

Ukiwa umefanya yote hayo, kazi ya ikwaliza inabaki ndogo. Anza kwa kupunguza:

- Chini ya 30 Hz (mitetemo 30 kwa sekunde), kata. Hapo pana malori na treni, muziki haupo.
- Kati ya 300 na 400 Hz ndipo debe linapokaa. Punguza desibeli 3 hadi 6, ukitafuta polepole mahali penyewe.
- Karibu na 60 Hz ongeza 2 au 3, kama bado unahitaji.
- Kati ya 3,000 na 4,000 Hz ongeza 3, ili nyundo isikike.

Hilo la mwisho usilidharau. Wengi wa wasikilizaji wako watausikia wimbo kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa 60 Hz hata ukiilazimisha. Kinachowaambia kwamba kiki ipo ni ule mlio wa kugonga. Kwenye matatu kinyume chake: huko uzito umeshaongezwa maradufu, na kiki uliyoipa desibeli 8 za ziada itameza maneno yote ya wimbo. Sikiliza kote kuwili kabla hujatoa nakala.

Kisha gita la besi. Viwili hivi haviwezi kukaa chini kabisa pamoja. Amua nani alale chini na nani akae juu yake. Besi ikiwa ya kushuka sana, ipe kiki nafasi kwenye 80. Besi ikicheza juu, kama kwenye benga, iache kiki ichukue 60.

"Kwa nini nisiweke tu kiki ya kompyuta?" Unaweza, na kwa baadhi ya nyimbo inafaa. Lakini kwaya zetu hazitembei kama mashine. Ubeti wa mwisho hupanda, mwalimu huinua mkono, wote hukaza mwendo pamoja, na mguu wa mpiga ngoma unajua. Kiki ya kompyuta itabaki nyuma ikihesabu. Ile hali ya kusukumana ndiyo iliyowaleta watu kwenye kwaya, na ningependa nakala yenu iwe nayo.

## "Na spika kuukuu kuwa maiki, ni kweli?"

Kweli. Spika na maiki ya dainamiki ni ndugu. Ukiunganisha spika ya inchi 6 au 8 kwenye chaneli ya maiki, itasikia. Yamaha waliwahi kuuza kifaa cha aina hiyo. Iweke sentimita 5 mbele ya kiki, itakupa vumi tupu. Haitoi mlio wowote, kwa hiyo lazima iambatane na maiki nyingine. Umeme wa volti 48 wa chaneli hiyo uzime kabla hujaichomeka, na geini iwe chini kabisa. Spika hutoa nguvu nyingi kuliko maiki.

## Ngoma zetu zenyewe

Wachache wameniuliza kuhusu kurekodi ngoma za mwazindika. Kwanza zungumza na wazee wanaozipiga. Ni ngoma inayohusishwa na pepo na uponyaji, na kuna wakati na mahali pake. Wao ndio wa kusema lini maiki inaruhusiwa. Wakikubali, mengi ya hapo juu yanabaki yale yale. Ila kwa ngoma yoyote ndefu yenye mdomo wazi chini, uzito hutokea chini. Ukiisimamisha wima ardhini, mdomo huo umeuziba. Iinamishwe kidogo, maiki moja ielekee mdomo wa chini kwa sentimita 30, nyingine ielekee mkono wa mpigaji juu. Halafu jaribu kile kitufe cha ø.

## Daftari

Mkishaipata sauti mliyoitaka, msiguse kitu bado. Piga picha ya maiki ilipo, kutoka pembeni na kutoka juu. Pima kwa rula. Bandika tepu sakafuni kwenye miguu ya stendi na miguu ya kiki. Andika kwenye daftari la kwaya: tarehe, saa, nyundo gani, blanketi lipi na limegusa wapi, maiki sentimita ngapi kutoka ngozi, geini iko kwenye namba gani. Kisha ita kwaya iingie.